Karatasi Chini ya Mguu wa Jukwaa

Sanduku la Mwalimu Kamugisha lilinifikia Jumamosi asubuhi. Lililetwa na binti yake wa mwisho, aliyevuka nalo ziwa kutoka Bukoba, akapanda nalo mlima wetu wa Igogo, hapa Mwanza, akihema, akalitua juu ya meza yangu kabla hata ya kunisalimia. Wakati huo mazishi yalikuwa yamepita wiki tatu. Mimi sikwenda kwa sababu habari zilinikuta kitandani na malaria, na jambo hilo lilikuwa bado linaniuma. "Baba alisema hili liende kwa Kabula," alisema yule binti baada ya kunywa maji. "Nilimuuliza Kabula gani, akasema, 'Wewe fika Igogo, uliza Kabula wa vyuma.'" Tukacheka kidogo, halafu nikafungua. Ndani mlikuwa na rula ndefu ya mbao, kitabu kisicho na jalada, na kipande cha sponji ya godoro chenye urefu wa mkono, kimegeuka rangi ya chai, kikimeguka pembeni, lakini mistari aliyoichora Mwalimu ubavuni kwa wino wa bluu ilikuwa ingali inaonekana. Yule binti alikitazama akashangaa. Alidhani mzee aliweka uchafu ule kwa bahati mbaya. Nilikishika kile kipande kwa ncha zake mbili nikakikunja taratibu, kama nilivyofundishwa, na mistari ya juu ikasogeleana, ya chini ikaachana, na mwaka mzima ukanirudia.

Ulikuwa mwaka mmoja tu, katikati ya miaka ya tisini, toka mavuno hadi mavuno. Nilikuwa na miaka kumi na minane. Shule nilikuwa nimeiacha kidato cha pili, na chini yangu walikuwapo watatu: mapacha Kulwa na Doto, wasichana wa miaka kumi na miwili, na Shija aliyewafuata. Yaliyotangulia sitayaeleza; waliofiwa na wazazi wote wawili wanayajua, na wasiofiwa hayatawasaidia. Nitasema tu kwamba baada ya matanga baba yetu mdogo kutoka Magu alikaa nasi ukumbini akatoa uamuzi wake kwa upole, maana hakuwa mtu mkali. Kulwa angechukuliwa na shangazi wa Sengerema. Doto angekwenda Geita. Shija angekwenda naye Magu, na mimi ningetafutiwa pa kuolewa. Nilimwomba aniachie watoto. "Mpaka mavuno yajayo," alisema. "Nikikuta mnakula, mnavaa, na wewe una kazi yenye jina, nitanyamaza. La sivyo, mwanangu, nitafanya kama nilivyosema." Nikasema, "Ndiyo, Baba." Tangu siku hiyo nilikuwa natafuta kazi yenye jina.

Niliyokuwa nayo haikuwa na jina. Nilikuwa nawapikia mafundi wa karakana ya Bwana Masanja, chini ya mlima wetu, karibu na ziwa. Asubuhi chai na mihogo, mchana ugali. Viwanda vya samaki vilikuwa vimeanza kufunguliwa kando ya ziwa, minofu ya sangara ilipanda ndege kwenda Ulaya, na sisi tuliuziwa vilivyobaki, vichwa na mifupa, tukaviita mapanki. Mapanki yakichemshwa vizuri na nyanya na ndimu yalikuwa chakula cha heshima, na mafundi wangu walikuwa wananyonya mifupa mpaka inang'aa. Ulikuwa wakati wa ajabu. Maduka yaliyokuwa matupu utoto wetu wote sasa yalijaa sabuni za rangi tatu, redio na mitumba, na papo hapo watu waliokuwa na kazi za uhakika walirudishwa nyumbani. Vijana wawili wa Bwana Masanja walimkimbia kwenda viwanda vya samaki. Alibaki na kazi nyingi na mikono michache, ndipo siku moja nilipoweka sufuria chini nikamwambia, "Bosi, hata mimi naweza kushika brashi ya waya." Bwana Masanja alikuwa mtu mnene, mwenye kicheko cha kusikika ng'ambo. "Fundi chai!" alisema. "Haya, safisha kutu. Ukichoka rudi kwenye mapanki yako." Sikuchoka. Nilisafisha kutu, nikapaka rangi, nikajifunza kukata kwa msumeno. Aliniambia atanitazama mpaka mavuno, kisha ndipo ataamua kama mimi ni fundi au mpishi.

Mwalimu Kamugisha alikuja mwezi wa pili. Alikuwa Mhaya mwembamba mwenye shati jeupe lililopigwa pasi, aliyekuwa ametumikia shirika la umma miaka ishirini akichora majengo na madaraja madogo, hadi shirika lilipopunguza watu. Zamani alikuwa amefundisha chuo cha ufundi, kwa hiyo alibaki na jina la Mwalimu. Bwana Masanja alimpa chumba cha mwisho cha karakana, kilichokuwa stoo, awe anachora humo na kulala humo. Chumba kile nakikumbuka kuliko vyumba vyote nilivyopata kuingia. Kilikuwa na meza ya chuma, kalenda ya miaka miwili iliyopita ambayo hakuitoa kwa sababu ya picha ya migomba, kitanda cha kamba, na dirisha lililotazama mawe makubwa majini, yale yaliyokaa moja juu ya jingine kama yamepangwa. Siku ya kwanza nilimpelekea chakula nikamkuta anayatazama. "Shikamoo, Mwalimu." "Marahaba. Binti, yale mawe hayajaanguka kwa nini?" Nikasema, "Mungu kayaweka." "Sawa. Kayawekaje?" Alivuta sahani yake akaanza kula, na mimi nikabaki nimesimama pale na birika mkononi, nimeona aibu, lakini aibu ya namna ambayo humfanya mtu arudi kesho yake.

Nilirudi na jibu. Nilimwambia kwamba hayaanguki kwa sababu lililo chini linalikatalia lililo juu lisishuke. Aliacha kutafuna. "Nani kakufundisha?" "Hakuna. Nimefikiri." Basi akaniambia nikae kwenye kigoda chake, na kigoda kikacheza, kwa kuwa sakafu ya stoo ilikuwa mbovu. "Mafiga yako jikoni yanacheza hivyo?" "Hayachezi." "Na yako kwenye udongo usio sawa. Kwa nini hayachezi?" Nilifikiri mpaka ugali wake ukapoa. Kwa sababu ni matatu, nikasema mwishowe. La nne ndilo lingetafuta pa kukanyaga. Alipiga meza kwa kiganja. Kuanzia siku ile, kila mchana baada ya mafundi kula, nilikuwa na nusu saa kwenye chumba kile. Sikuwa najua kwamba nilichokuwa najifunza kina jina na kwamba vijana wanakisomea vyuoni. Kwangu kilikuwa ni mwendelezo wa chakula cha mchana.

Kanuni yake ya kwanza ilikuwa kwamba kila kitu kilichosimama kiko kwenye mazungumzo. Mguu unaisukuma ardhi, na ardhi inajibu kwa nguvu ileile. "Tafuta majibu ya ardhi kwanza," alikuwa akisema. "Ukishajua ardhi inajibu nini kwenye kila mguu, kazi imebaki hesabu." Ya pili aliifundisha uwanjani, mbele ya karakana nzima, na ilimgharimu Bwana Masanja heshima yake kwa wiki moja. Mwalimu alilaza paipu nene juu ya jiwe, akamwomba bosi akalie upande mmoja, hatua moja kutoka kwenye jiwe. Mimi, niliyekuwa nusu ya uzito wake, akanikalisha upande wa pili, hatua mbili. Paipu ikatulia sawasawa, miguu yetu sote hewani. "Sasa Kabula, jisogeze nyuma kidogo." Nikajisogeza, na Bwana Masanja akapanda juu polepole, macho yamemtoka. Mafundi walipiga mayowe. "Bosi kainuliwa na mpishi!" "Na bosi ameshiba mapanki, fikiria angekuwa na njaa!" Mwalimu hakucheka. Alingoja kelele ziishe, akasema, "Uzito peke yake si kitu. Uzito mara umbali." Niliandika maneno hayo kwenye daftari la Doto, ukurasa wa mwisho, na Doto akanigombeza.

Sponji ilikuja baadaye, tulipoanza kuuliza chuma chenyewe kinasikia nini ndani. Aliikata kutoka kwenye godoro lake mwenyewe, akachora mistari, akaikunja mbele yangu. Juu inabanwa, chini inavutwa, katikati haisikii chochote. "Boriti ya chuma nayo hufanya hivihivi, ila imeficha," alisema. "Chuma hakisemi mpaka kimeshindwa. Sisi kazi yetu ni kukisemea mapema." Alinionyesha chaki inavyokatika ikisokotwa, na jinsi utepe wa mpira wa baiskeli unavyorudi urefu wake usipovutwa kupita kiasi, ukivutwa sana haurudi. Nyumbani nilikuwa nawarudia watoto yote haya. Chumba chetu kilikuwa kimejengwa kwa kulitegemea jabali, ukuta mmoja ni jiwe tupu lililokusanya joto la mchana na kututolea jioni, na tulikaa tumeliegemea, sote wanne, tukila michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kukaushwa, iliyochemshwa na karanga. Shija alikuwa anauliza, "Dada, na sisi tukiliegemea jiwe linatujibu?" Namwambia, "Linatujibu." Anaegemea zaidi, asikilize. Kulwa alikuwa anahesabu miezi iliyobaki mpaka mavuno, bila kusema, kwa kuchora alama za mkaa kwenye jiwe hilohilo nyuma ya mlango na kukata moja kila mwezi ukiisha. Nilizikuta siku moja nikifagia. Sikuzifuta.

Zilipobaki alama mbili, ikaja kazi ya jukwaa. Pamba ilikuwa imeachiwa wanunuzi binafsi, na tajiri mmoja mgeni aliyetaka wakulima wa Magu wamzoee aliamua kudhamini mashindano ya ngoma baada ya mavuno. Alitaka jukwaa la wageni sitini, lisimame katikati ya uwanja, liweze kufunguliwa na kupakiwa kwenye lori. Hatukuwahi kupata kazi kubwa kama ile. Bwana Masanja alitembea siku nzima akipiga mluzi. Aliniita akaniambia, "Fundi chai, hii ndiyo yako. Ukiifanya mpaka mwisho bila kuharibu, mavuno yakifika nakuandika fundi." Nadhani kila mtu karakana alijua habari za baba mdogo, hakuna siri panapopikwa chakula kimoja.

Mwalimu alilichora kwa siku tatu, na lilikuwa zuri. Urefu hatua nane. Miguu minne tu, miwili miwili, na kila jozi imeingia ndani hatua mbili kutoka ncha, hivyo sakafu ilitokeza kama mikono miwili, huku na huku. Alinieleza kwa furaha ya mtu aliyerudi kwenye kazi yake. Mikono ikibeba watu nje, inasaidia kuinua katikati ambako watu wanakandamiza. Mikunjo inapunguzana, na paipu nyembamba zinatosha. Nilielewa. Niliiona sponji kichwani ikikunjwa huku na kukunjuliwa kule. Tukakata, tukachomelea, nikapaka rangi ya kijani. Tulipolisimamisha uwanjani tulilipima kwa desturi ya karakana yetu: watu wote wanapanda, mafundi, majirani, wauza mkaa, kila mmoja anasimama mahali pake kama chumvi iliyonyunyizwa, Bwana Masanja anapiga sakafu kwa nyundo mara tatu na kupaza sauti, "Imepita!" Ilipita. Halikutikisika hata kidogo. Mwalimu alishuka akifuta miwani, na mimi nikashuka nyuma yake, nikiwa na furaha kamili kwa muda wa kama robo saa.

Nilikuwa nakoroga ugali nilipowaza ngoma. Usukumani, ngoma za mashindano hazina mwamuzi wa kukaa na kalamu. Vikundi viwili, wagika na wagalu, hucheza kwa wakati mmoja, kila kimoja upande wake wa uwanja, na mshindi ni yule aliyevuta watu wengi. Kwa hiyo watu hawakai. Upande mmoja ukitoa jambo jipya, chatu, au sanamu, au mtu aliyekunja mwili mpaka kichwa kikatokea miguuni, uwanja mzima unakimbilia huko. Upande wa pili ukijibu, uwanja mzima unarudi. Nimekua nikikimbia hivyo, nikimshika mama mkono. Na jukwaa letu lilikuwa lisimame katikati, ncha moja ikitazama wagika, ncha nyingine wagalu. Mwiko ukasimama ndani ya sufuria. Nilichukua daftari nikachana ukurasa. Jukwaa lote lilikuwa na uzito kama wa watu kumi, na uzito huo unakaa katikati, hatua mbili kutoka kwenye miguu. Watu wakijazana kwenye mkono, wanakaa kama hatua moja nje ya miguu hiyohiyo. Kumi mara mbili. Ishirini mara moja. Mtu wa ishirini na moja angeliinua jukwaa kama nilivyomwinua Bwana Masanja. Na wageni walikuwa sitini.

Sitajifanya shujaa. Nilikaa na ile karatasi mchana mzima ikiwa imekunjwa kwenye kanga. Jukwaa lilikuwa limepita, rangi ilikuwa inakauka, alama kwenye jiwe ilikuwa imebaki moja. Na nani angemwambia mtu aliyechora madaraja miaka ishirini kwamba amekosea? Mpishi aliyeishia kidato cha pili? Kama nimekosea mimi, Bwana Masanja angenirudisha kwenye sufuria na mapacha wangekwenda kila mmoja njia yake. Kama sikukosea nikanyamaza, sikuweza kumaliza kuwaza. Kilichonisukuma hatimaye si ujasiri. Nilimwona Doto akimsuka Kulwa mlangoni, wanabishana nani aliyetangulia kuzaliwa, ubishi wao wa kila siku, na nikakumbuka kwamba nimeshawaahidi kuwapeleka kwenye ngoma zile. Nao wangekimbia na wengine.

Kesho yake nilimpelekea Mwalimu chakula, nikaweka karatasi kando ya sahani. Aliisoma. "Hesabu ni sahihi," alisema. "Lakini umewaweka watu wote upande mmoja. Kwa nini? Wageni waalikwa wana viti."

"Mwalimu, kwetu kiti ni cha kuanzia tu."

"Watasimama?"

"Watakimbia. Wote. Anayebaki kwenye kiti ni mgonjwa."

Nikamweleza ngoma zetu zinavyoshindaniwa. Alisikiliza bila kunikatiza, uma umesimama hewani. Kisha akavua miwani, na nilipoona hivyo nikajua ameshaliona jukwaa kichwani mwake likiinuka. "Mimi nimetoka ng'ambo ya ziwa," alisema taratibu. "Nimechora wageni wa Bukoba." Alisimama akachukua rula. "Twende kwa bosi. Utaeleza wewe."

Bwana Masanja alikuwa anakunywa chai juu ya toroli. Alitusikiliza akakasirika kabisa, mara ya kwanza kumwona hivyo. "Limepita! Nimelipima mwenyewe kwa nyundo! Lori linakuja Alhamisi. Na hao ni wageni wa tajiri, watu wa tai shingoni. Hawatakimbia kama watoto."

"Bosi," nikasema, "wewe ni mgalu?"

"Mgalu wa kuzaliwa. Babu yangu alikuwa mganga wa ngoma."

"Wagalu wakitoa chatu, na wewe uko jukwaani kwenye kiti, umevaa tai. Utafanyaje?"

Mafundi walikuwa wameacha kugonga. Fundi mmoja akasema kutoka nyuma ya grenda, "Sema ukweli, bosi," na mwingine, "Bosi angekanyaga mpaka mama mkwe!" Bwana Masanja alijitahidi kubaki na hasira lakini tumbo lilikuwa limeanza kumtikisika. "Ningekuwa wa kwanza," alisema. "Mungu anisamehe, ningekuwa wa kwanza ukingoni." Akaweka kikombe chini, akalitazama jukwaa la kijani. "Sasa mnataka nini?"

Tulitaka miguu minne zaidi, jozi moja chini ya kila ncha, ili mikono isielee tena. Paipu hazikuwapo. Bwana Masanja aliondoka bila kuaga, akarudi alasiri na mkokoteni umebeba geti la nyumba yake, geti alilolitengeneza kwa mwaka mzima kila akipata nafasi, lenye nguzo nne nzito. Mke wake alikuja nyuma ya mkokoteni akiwa bado anasema. "Mbuzi wa jirani wataingia! Nawaambia wataingia!" Na waliingia, mpaka mvua za vuli. Nguzo zile nilizikata mwenyewe. Mwalimu alinipa nafasi ya kupima, kukata, na kupiga hesabu upya ya majibu ya ardhi kwenye miguu yote minane, kila mzigo ukiwekwa mahali pabaya kuliko pote. "Usiwaulize watu watasimama wapi," alisema. "Waulize wataharibu wapi." Ndivyo ninavyofanya kazi hadi leo.

Siku ya ngoma Magu kulikuwa na vumbi na jua zuri. Baba mdogo alikuja na baiskeli mbili, moja akiendesha yeye, nyingine binamu yetu, na nyuma ya kila moja palikuwa pamefungwa kigari cha mbao kitupu. Niliviona vile vigari nikajua ni vya mizigo ya watoto. Alitusalimia vizuri, akamtia Shija mabegani, akapanda na watoto jukwaani kwa sababu Bwana Masanja alimwalika kwa heshima kama baba yangu. Mimi sikupanda. Nilizunguka chini, upande wa wagika, nikapiga magoti kwenye mguu wa ncha ya mwisho. Asubuhi, tulipokuwa tunalisimamisha, nilikuwa nimekuja na ile karatasi ya hesabu niliyomwonyesha Mwalimu nikaiweka chini ya sahani ya chuma ya mguu ule, nusu ndani na nusu nje. Mguu usiojibiwa na ardhi huinuka hata kwa unene wa kucha, na ukiinuka, karatasi hutoka.

Wagalu walitoa chatu kama saa tisa. Nilisikia kabla sijaona: kelele moja kubwa kutoka ng'ambo, kisha juu ya kichwa changu viti vikianguka na nyayo, nyayo, zote zikienda upande ule mwingine kama mvua inayohama juu ya bati. Katika nafasi za mbao niliona anga likifunguka, nikajua kwamba hakuna mtu aliyebaki juu yangu. Wote sitini walikuwa wamejazana ncha ile, na walioko chini nao wakipanda. Nilimsikia Bwana Masanja akinguruma. Nilimsikia Shija akicheka kwa sauti ya juu kabisa. Chuma kililia kidogo, sauti fupi, kama mtu anayekaa vizuri. Nikashika karatasi kwa vidole viwili, nikaivuta. Haikuja. Nikaivuta kwa nguvu zaidi, nikavuta kwa mkono mzima, na ikakatika. Nusu ikabaki mkononi mwangu, nusu chini ya mguu. Nilikaa pale vumbini nikaiangalia, nikaanza kulia na kucheka pamoja, na mama mmoja muuza karanga akaniuliza kama nimeumwa na nge.

Baba mdogo alinikuta hapo, watu walipotawanyika. Shati lake lilikuwa limelowa jasho, kofia imepotea. "Unafanya nini huku chini? Umeangusha kitu?"

"Hapana, Baba. Nilikuwa natoa karatasi."

"Imetoka?"

"Imekatika."

"Basi iache, ya nini?" Akainama akaushika mguu wa jukwaa, akautikisa kwa mkono mpana wa mkulima, na haukutikisika. "Yule mnene wako kaniambia huu mguu umeukata wewe. Na kwamba bila wewe tungekuwa tumelala chini sote." Hakuwa mtu wa maneno mengi. Alijifuta uso. "Akaniambia na jina la kazi yako. Mara tatu kaniambia, kila mara kwa sauti kubwa zaidi." Kisha akaondoka kwenda kwenye baiskeli zake. Nilipomfuata nikamkuta anafunga magunia kwenye vile vigari vya mbao: michembe gunia moja, mchele gunia moja, na kuku wawili miguu imefungwa, wakilalamika. "Vitu hivi vitakwenda Mwanza na nyinyi wanne," alisema. "Mtapanda lori la jukwaa." Kulwa alikuwa amesimama karibu ameshikana mkono na Doto. Tulipofika nyumbani jambo la kwanza alilofanya ni kulowesha kitambaa na kufuta alama zote nyuma ya mlango.

Mwalimu alikaa karakana miaka mingine mitatu, kisha alirudi kwao kwenye migomba yake. Tuliandikiana. Jukwaa lile lilitumika misimu mingi, kwa ngoma, harusi na mikutano, na sijawahi kusikia mtu akilisifu. Jukwaa lililosimama halina habari ya kusimulia. Bwana Masanja alitengeneza geti jipya, baya kuliko la kwanza. Watoto wangu hawa watatu ni watu wazima sasa, na mapacha bado wanabishana nani alitangulia.

Yule binti alipomaliza chai nilimchukua nikamwonyesha kopo la kahawa ninaloweka vitu vyangu. Nilimtolea ile nusu karatasi, imegeuka njano, na mwandiko wangu wa msichana: kumi mara mbili, ishirini mara. Hapo ndipo ilipokatikia. Aliisoma, akanitazama akingoja nimwambie kilichofuata. Nikamkalisha kwenye kigoda, nikamwekea ile sponji mikononi, nikamwambia aishike ncha zote mbili na aikunje polepole.